Besi ya Mzito

Wanangu wawili walifanya kazi chumba kimoja, mmoja mikono, mwingine masikio. Mkubwa alipiga gitaa la besi. Mwili wake ulikuwa mwembamba kama ufito, lakini kwa ile sauti nene iliyotoka vidoleni mwake watu walimwita Mzito, na mimi niliyemzaa nikajikuta namwita hivyo hivyo. Mdogo, kitinda mimba wangu, alikuwa fundi wa studio. Bendi ikishamaliza kurekodi, yeye hubaki na zile sauti zote, hii anaipunguza, ile anaipandisha, mpaka zikae pamoja bila kugombana. Huyo walimwita Masikio. Watu walitania kwamba ukikohoa redioni, Masikio atakwambia umelalia ubavu gani.

Studio yenyewe ni chumba cha nyuma cha nyumba yangu. Dirisha limezibwa kwa mbao na blanketi zangu mbili, ambazo niliziaga nikijua hazirudi. Kuna meza, kompyuta, na spika mbili zilizomkodolea macho mtu aliyekaa kitini. Ukutani kuna msumari, na kwenye msumari hedifoni zake kubwa za kuziba masikio yote mawili.

Kabla ya kazi yoyote ya maana walikuwa na desturi yao. Waliiita ngazi. Masikio anaweka mlio mmoja unaoanzia chini kabisa, huko chini ambako sikio halina habari, kisha unapanda polepole, unapanda, mpaka unakuwa sauti ya kawaida. Kila aliyepo nyumbani anaitwa, hata jirani aliyekuja kuazima chumvi. Tunafumba macho, na kila mtu ananyanyua mkono pale anapoanza kusikia. Hivyo Masikio anajua spika zake zinafika chini kiasi gani, na kama chumba hakijala kitu njiani. Alinieleza mara nyingi, kwa kuwa mimi nauliza jambo moja mpaka lichoke. Fundi akipanga muziki kwenye spika zisizotoa besi, atadhani besi haitoshi. Ataongeza. Ataongeza tena. Wimbo ukifika kwa watu utakuwa kama gunia la mawe linaloburutwa sakafuni.

"Mama," Mzito alikuwa akinichokoza, "usinyanyue mkono kwa kumhurumia mwanao. Ngoja usikie kweli."

"Nasikia tumboni."

"Hiyo ni njaa, Mama."

Mimi napenda kutega vitendawili. Darasani sikukaa sana, lakini kutega niliwatega hata walimu. Basi siku moja ngazi ikipanda nikawaambia, haya, nani ataniambia: mgeni wangu hapiti mlangoni, hodi yake anaipiga kifuani.

"Besi!" Masikio akadakia.

"Umeniibia," Mzito akasema. "Besi ni yangu, mji nipewe mimi."

"Chukua wa mdogo wako, una mbu," nikamwambia.

Tulicheka sana chumbani mle. Nalisema mapema ili mjue kwamba tulicheka.

Mzito akaugua figo. Sitaeleza habari za hospitali. Aliyewahi kuzipita anazijua, na asiyezipita namwombea asizijue. Alipoona anakwisha, alitaka kurekodi nyimbo alizokuwa nazo kichwani. Tulimkalisha kwa mto mgongoni, bendi ikamzunguka. Mkewe, yaani mkamwana wangu, alimshikia kikombe. Wimbo wa mwisho ulikuwa wa huyo mkewe. Mzito aliulegeza ule uzi mnene wa gitaa, akaulegeza zaidi ya desturi, ili ashuke mahali ambako hakuwahi kushuka. Aliupiga taratibu, akipumzika katikati kama mtu anayepanda mlima.

Alipomaliza alimtazama mdogo wake. "Hizi utazipanga wewe. Usimpe mtu mwingine. Wewe ndiye unayejua mahali pangu."

"Nyamaza bwana. Tutazipanga pamoja, na utanikera kama kawaida."

"Niahidi kwanza, nikukere baadaye."

Masikio akaahidi. Kukerwa hakukuja.

Tulipomaliza matanga na nyumba ikarudi kuwa na sisi wenyewe tu, Masikio alijifungia na zile nyimbo. Kiongozi wa bendi alizisubiri. Mkamwana alizisubiri zaidi ya wote, maana mumewe hakuacha kitu kingine chenye sauti yake. Alikuwa mtu wa maneno machache; gitaa ndilo lililosema.

Mapema tu Masikio akaanza kulalamikia besi. Kwanza ikawa spika ya kushoto, ati imechoka. Akaifungua, akaikagua, akaifunga. Halafu ikawa meza, iko karibu mno na ukuta. Tukaisogeza. Halafu ikawa kona za chumba.

"Mama, naomba godoro lako."

"La kulalia?"

"Nalisimamisha kwenye kona. Sauti nzito inajikusanya kwenye kona kama maji ya mvua. Godoro linainywa."

"Na mimi nitakunywa nini, vumbi la mkeka?"

Nikampa. Mama hana godoro mbele ya mwanawe. Nililala mkekani, na asubuhi nikiamka naisikia kila pingili ya mgongo ikijitaja jina. Lakini besi haikuja. Akaazima spika za rafiki yake, kubwa kama makabati. Haikuja. Akasogeza kiti mbele, akakisogeza nyuma, akawa anahamahama na kiti chake kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Akatuita kwenye ngazi, mimi na mkamwana. Mimi nilikaa kwenye kigoda changu mlangoni, mkamwana akasimama, Masikio kitini pake. Tukafumba macho. Nikasikia mapema sana ile hodi ya kifuani, nikanyanyua mkono. Nami nina tabia mbaya ya kuchungulia. Nilifumbua jicho moja. Mkamwana ameshanyanyua. Masikio mikono yake iko mapajani. Mlio ukapanda, ukapanda, ukawa sasa sauti kabisa, kama ng'ombe anayelia mbali, ndipo akanyanyua.

"Mmeona?" akasema. "Hapa kitini kuna shimo. Nyie mko pembeni, mnaipata yote. Mimi nimekaa pale sauti inapokwenda ukutani ikarudi, zikakutana njiani zikauana."

"Zinauana?" nikauliza.

"Ndiyo, Mama. Hatua moja hapa unasikia, hatua moja pale husikii. Chumba ni mwongo."

Jambo hilo ni la kweli, mafundi wote wanalijua. Ndiyo maana lilimfaa. Nikamwambia ainuke nikae mimi kwenye hilo shimo lake. Akainuka, akashika ukuta kidogo, kama mtu aliyeshuka kwenye gari la safari ndefu. Siku hizo alikuwa akishika kuta mara kwa mara. Siku nyingine nilimsikia akitapika uani, akasema ni mayai. Nilikaa kitini pake. Ngazi ikaanza. Nikanyanyua mkono palepale niliponyanyua mwanzo.

Aliutazama mkono wangu kama mkono ulioingia mfukoni mwake.

"Unasikia friji, Mama."

"Friji iko jikoni na umeme umekatwa jikoni."

"Basi unasikia damu yako. Watu wazima husikia damu yao."

Mkamwana aliangalia chini. Mimi nikaenda kupika.

Baada ya hapo alinyamaza kuhusu besi. Nikafikiri amelipata shimo na kulifukia. Akatoa wimbo wa kwanza, ule wa mkamwana. Akautuma kwenye simu zetu, kwa bendi, kwa ndugu. Simu zikalia nyumba nzima. Tuliusikia ule wimbo juu ya meza ya kulia, juu ya ndoo, juu ya kifua cha mkamwana aliyelala chali akiwa ameiweka simu hapo. Tulilia. Kiongozi wa bendi akapiga kusema kazi nzuri, akautawanya kwa watu. Kila mtu akasifu. Lakini simu ni kitu kidogo. Spika yake ni kama kucha. Besi haipiti pale, hata ikiwepo. Sikio linaijazia lenyewe kwa mazoea. Tulikuwa tunasikia kile tulichokikumbuka.

Mkamwana ni msusi. Saluni yake imepakana na duka la muuza redio, mtu mwenye masipika ya kutishia ng'ombe. Mchana mmoja akamwomba amwekee wimbo wake. Nilimwona akirudi kabla ya saa zake za kurudi, mikono bado ina mafuta, kitana kimechomekwa nywelani kimesahaulika. Hakunisalimia. Akapita moja kwa moja hadi chumba cha nyuma. Nikamfuata.

"Shemeji, mume wangu yuko wapi?"

Masikio akageuza kiti. "Vipi tena?"

"Wimbo wangu. Nimeupiga kwenye spika za jirani. Mwimbaji yupo. Ngoma zipo. Kinanda kipo. Mume wangu hayupo."

"Spika za dukani, shemeji. Nje rangi, ndani makelele."

"Makelele? Nyimbo za watu wengine zimepigwa hapohapo mpaka vioo vyangu vimetetemeka. Mteja kashika kichwa chake kwa mikono miwili. Wa kwangu ndio umetoka mkavu kama ugoro."

Masikio akamfungulia kompyuta. Akamwonyesha kwenye skrini kile kichoro cha sauti, za juu huku, za chini kule. "Angalia. Huku chini kabisa palikuwa na huu mlima. Hausikiki, lakini upo. Huo ni uchafu. Huwa ni mtambo wa umeme, au lori limepita, au mtu kakanyaga sakafu. Unakula nafasi ya bure. Fundi yeyote akiuona anaufyeka."

"Umeufyeka."

"Nimeufyeka."

Mkamwana aliutazama ule mlima kwenye skrini. Hakujua kusoma vichoro, wala mimi. Lakini aliona kwamba mlima ulikuwa unainuka na kushuka, taratibu, na katikati unapumzika.

"Uchafu," akasema kwa sauti ndogo. Halafu akaipandisha. "Unajua nini, shemeji? Siku zote watu walikuwa Mzito, Mzito. Wewe uko nyuma ya kompyuta hakuna anayekuona. Leo umempata amelala. Umemfyeka."

"Wewe!" nikamkemea. "Mdomo huo!"

"Mama niache. Naye aseme."

Masikio alikuwa mweupe midomoni. "Nimefuata masikio yangu. Sikusikia kitu pale, ndiyo maana nikakitoa. Ningesikia, ningekitoa? Chumba hiki—"

"Chumba, chumba!" Akanyoosha kidole chenye mafuta kwenye msumari. "Vaa zile. Si wewe uliyekuwa ukitufundisha? Ukishindwana na chumba vaa hedifoni, kuta zinabaki nje. Hazina kona zile. Hazina shimo. Vaa."

"Zimekufa."

"Tangu lini?"

Nikatazama zile hedifoni. Kila kitu mle chumbani kilikuwa na vumbi la mbao alizokuwa akihangaika nazo, ila zenyewe hazikuwa na vumbi. Mtu alikuwa akizishusha na kuzirudisha. Hapo moyo wangu ulifanya kitu sijui nikiite nini. Kama mlango unaofungwa na upepo katika chumba usichokuwemo.

"Vaa, mwanangu," nikasema.

Akazishusha. Akazichomeka. Akaurudisha ule mlima alioufyeka, tukauona ukirudi kwenye skrini, kisha akavaa na kuanzisha wimbo. Tulimtazama. Alisikiliza, kichwa kikitikisika kidogo kufuata ngoma. Akavua, akamnyooshea mkamwana.

"Haya, sikiliza mwenyewe. Ngoma zipo, mwimbaji yupo. Huku chini hamna kitu. Zimekufa, nimekwambia."

Mkamwana akazivaa juu ya kitana chake. Akasimama vile. Uso wake ulikuwa wa ugomvi, na ugomvi ukabaki juu yake kidogo tu, halafu ukateleza. Akaketi sakafuni pale pale, katikati ya waya.

"Yupo," akasema, kwa sauti kubwa kama wanavyosema watu waliozibwa masikio. "Yupo chini kabisa. Jamani. Anapita kila mahali."

"Unadanganya," Masikio akasema.

Hakumsikia. Nilimvua taratibu, nikazivaa mimi, naye akanishika gauni. Nikamsikia mwanangu. Hakuwa na kelele. Ilikuwa kama mtu anatembea chumba cha pili katika nyumba yako, ukajua kwa hatua tu ni nani, hata anataka maji au anatafuta kandambili. Mtu mwembamba vile, hatua nzito vile. Nikamwangalia aliyebaki, nikaitikia kwa kichwa.

Masikio alizichukua mikononi mwangu. Akakagua waya kwa vidole, toka mwanzo hadi mwisho. Akazigonga. Akazivaa tena, akazikandamiza kwa viganja viwili, akafumba macho na mdomo ukafunguka, kama mtoto anayedhani ameitwa kutoka mbali na hana hakika. Wimbo ukaisha. Akaanza tena. Ukaisha. Mkamwana alikuwa ameacha kulia, anamtazama shemeji yake kwa hofu sasa.

"Shemeji, nisamehe. Yale niliyosema."

Alivua. "Nilidhani ni chumba," akasema.

Tulimpeleka kwa daktari wa masikio. Mwanamke mpole, mwenye miwani iliyofungwa kamba. Chumba chake cha kupimia kilikuwa kimebandikwa sponji ukutani, na Masikio alipoingia akasema, "Umefanya vizuri kona zako." Daktari akacheka, akafikiri ni mzaha. Akamvisha hedifoni, akamwambia: nyanyua mkono ukisikia.

Mimi niliruhusiwa kukaa nyuma. Daktari alibonyeza, mkono wa Masikio ukapanda. Akabonyeza, ukapanda. Nikaanza kumshukuru Mungu. Kisha nikaona macho yake yalikuwa wapi. Hakuwa amefumba. Alikuwa anatazama bega la daktari, na kila bega lilipocheza naye alinyanyua. Mwanangu, mtu aliyekuwa akiwafukuza watu kwenye ngazi kwa kuchungulia.

Daktari naye aliona. Alikuja akakizungusha kiti chake, akamwelekeza kwenye sponji. Akarudi akabonyeza. Akabonyeza. Mkono ulibaki pajani, ukifunguka na kufumba.

Tukaambiwa sauti za chini zimekwenda, masikio yote mawili. Kizunguzungu na kutapika vimetoka humohumo, ni jambo la ndani ya sikio, maji yake yamevurugika. Dawa ipo ya kizunguzungu.

"Na zile sauti za chini?" Masikio akauliza.

"Siwezi kukuahidi zirudi."

"Na hizi zilizobaki?"

Daktari aliifuta miwani yake. "Tuziangalie kila baada ya muda," akasema. Mimi sina elimu, lakini jibu hilo ninalijua. Ndilo tulilopewa kuhusu figo.

Nyumbani nilitaka alale. Akaenda moja kwa moja studio. "Nimeahidi," akasema. "Mikono ninayo. Macho ninayo. Masikio mtanipa nyie."

Basi tukafanya hivyo. Mkamwana akakaa kitini na hedifoni, mimi kwenye kigoda nikisikiliza spika, Masikio akasimama pembeni, kidole kwenye kitufe cha besi, akitutazama.

"Niambieni. Inatosha?"

"Ongeza kidogo," mkamwana akasema.

Akaongeza. "Sasa?"

"Kidogo tena."

Nami nikasikia ile hatua chumba cha pili ikisogea mlangoni. Nikasema, ndiyo, ongeza mwanangu. Akaongeza. Penseli ikaanza kutembea yenyewe mezani. Mkamwana alikuwa amefumba macho, anapeperusha mkono, juu, juu.

"Shemeji, taa ya sauti imekuwa nyekundu, imezidi. Mwimbaji mnamsikia bado?"

"Ongeza."

"Nakuuliza mwimbaji."

"Mwimbaji wa nini? Ongeza!"

Na mimi, aibu kusema, mwimbaji sikuwa namsikia tangu muda, wala sikumtaka. Nilitaka mlango ufunguke. Spika moja ikaanza kukwaruza kama inayochanika. Masikio akaondoa kidole. Akazima. Kimya kikatupiga usoni wote wawili, kikatukuta tumenyoosha shingo.

"Nyie mnataka afufuke," akasema, bila hasira. "Sina kitufe hicho."

Mkamwana akavua hedifoni, akazilaza mapajani kama paka.

"Mimi simsikii," Masikio akaendelea, "na nyie hamtosheki naye. Nyimbo hizi zinahitaji mtu ambaye hakumpenda."

"Uliahidi," nikamwambia. Nilisema kwa kuwa ni mimi mama wa wote wawili, na yule mwingine hakuwa na wa kumsemea.

"Niliahidi nikiwa Masikio, Mama."

Kesho yake akabeba nyimbo zote kwenye kidude kidogo mfukoni, tukaenda naye mimi na mkamwana kwa fundi aitwaye Kipara. Huyo Kipara na mwanangu walikuwa wamegombea wateja maisha yao yote. Studio yake iko nyuma ya karakana ya kuchomea vyuma, ukuta mnene usio na plasta, benchi la mbao nje.

"Aaa, Masikio mwenyewe!" Kipara akapiga kelele, kichwa kinang'aa. "Umekuja kuniibia ufundi, ama umekuja kuona spika za wanaume?"

"Nimekuletea kazi."

"Wewe? Kazi yako, mimi? Mama, mwanao ana homa?"

Mimi sikucheka, na Kipara akaona. Masikio akamwekea kile kidude kwenye kiganja.

"Ni za kaka. Besi yake iko chini sana, aliulegeza uzi. Utaona kama uchafu kwenye skrini. Usiifyeke. Mimi niliifyeka. Siisikii tena, bwana. Sauti za chini zimenikimbia. Zote."

Chuma kilikuwa kinagongwa karakanani. Kipara alikitia kile kidude mfuko wa shati, upande wa moyo, akafunga kifungo.

"Ingia basi," akasema kwa upole ambao sikuujua kwake. "Kaa na mimi. Nitapanga, wewe utaniambia alikuwa anapiga vipi."

"Hapana. Nitakuwa nakuangalia usoni, na wewe utaanza kunifanyia uso."

Kipara akaingia peke yake, akafunga. Tukakaa kwenye benchi, Masikio katikati yetu, migongo kwenye ukuta. Mafundi wa karakana wakaenda kula, pakatulia. Mkamwana akachomoa kitana nywelani, akawa anahesabu meno yake kwa kidole. Masikio akaniuliza kama mgongo wangu umepata nafuu tangu nirudishiwe godoro. Nikamwambia umepata.

Kisha nikausikia ukuta. Haukuwa wimbo, mwimbaji hakupita kule, wala kinanda, wala ngoma. Ilipita besi peke yake, ikaingia kwenye matofali, kwenye benchi, kwenye mbavu zangu. Mkamwana akaacha meno ya kitana. Alinitazama kwa nyuma ya shingo ya shemeji yake, machozi yamejaa, nikamkanya kwa macho asitoe sauti. Mzito alikuwa anashuka, taratibu, akipumzika katikati.

Masikio alikuwa anautazama mlango uliofungwa. Alingoja kidogo, akasogeza miguu yake, akaniinamia.

"Mama," akauliza, "ameshaanza?"

"Ameanza, mwanangu," nikasema.